Valizi ya binti yangu imefanya bajirani bafikiri tunahama

Admin, jina langu liache pembeni, na jina ya avenyu yetu pia, ju bantu ba hapa Kolwezi banasoma hii page. Niko mama wa miaka arobaini na sita, niko na bwana na batoto bane. Mi masomo yangu yaliishia primaire, sifichi. Lakini binti yangu mukubwa iko mwaka wa mwisho, anasomea kuzalisha bamama. Mwalimu wake alinikuta sokoni Manika akaniambia, "Mama, huyu mutoto iko na mikono." Bengine banajisifu na magari. Mi najisifu na ile mikono, na sitaomba musamaha.

Huyu mutoto, kila Jumamosi anasuka benzake nywele, anaweka franga kidogo kidogo. Hakununua viatu, hakununua simu. Alinunua valizi, sanduku ya safari. Ni okazyo, mwingine alishaitumia, lakini ungesema mupya: rangi ya zambarau, magurudumu mane, inatembea pembeni yako kama mutoto mwenye adabu. Benzake banaenda staji, kujifunza kazi ku hospitali, nguo iko mu magunia ya muchele. Yeye alisema, "Mama, kitu kimoja tu kizuri. Kimoja." Nilimubariki pale pale.

Sasa kwetu, mutoto akinunua kitu na jasho yake, mama anakionyesha kwa bantu. Siku ya Mungu, misa imetoka, avenyu imejaa, nikamuambia, "Vuta, mutoto wangu. Pita katikati, usipite pembeni." Akavuta toka kwetu mpaka kwa shangazi yake na kurudi. Mi nyuma, na kikwembe changu kipya, nasalimia kushoto na kuume. Nilijisikia mukubwa, bandugu.

Sikufikiri. Ni lazima niwaelezee. Nkambo yangu, baba ya baba, alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mugodi. Mi nilizaliwa hapa, batoto bangu bote balizaliwa hapa. Wakati ule wa kufukuza bantu ba Kasai, kampuni ya mugodi imeanguka, kazi hakuna, benyeji bakasema makosa ni yetu, turudi kwetu. Kwetu wapi? Nilikuwa bado kwa baba. Baba akatuma kwanza masanduku ku gare ya treni, akisema shiye tutafuata pole pole. Masanduku ilipita mbele ya bantu. Jua haijafika katikati, bajirani bakaingia. Hata salamu bakatoa. Mumoja anang'oa mulango, mwingine dirisha. Mama alikuwa anapika kunde, na mwanamuke tuliyekuwa tunachota naye mayi akamuambia, "Mwaga hizo kunde, ile sufuria nimeshaichagua." Mama akazimwaga.

Njo hivyo inafanyika hapa. Bantu habangoji utoke. Bakiona sanduku imepita, banajua nyumba iko wazi.

Na sasa hii miezi maneno imerudia. Kazi imepungua, bacreuseurs, bale bachimbaji ba mikono, banafukuzwa ku machimbo, na kwenye radio ya mudomo unasikia tena, "bageni barudie kwabo." Siku mbili nyuma ya ile matembezi yetu, mama jirani akaniita juu ya ukuta.

"Mama Fulani, ile frigo mutamuachia nani?"

"Kuacha kwenda wapi?"

Akacheka. "Eh, mama, tunaona valizi. Unikumbuke, shiye tumekula pamoja."

Nikacheka na mi. Nikaingia ndani, nikafunga mulango na ufunguo.

Halafu akaja tata moja, mwanaume hatumujui, na bibi yake. Anaangalia mabati, anauliza byumba bingapi. Bwana yangu akamuambia hatuuzishi. Ule tata akasema na sauti ya heshima kabisa, "Tata, usikasirike. Mimi nalipa. Bengine habatalipa." Akatushika mukono bote wawili, akaenda. Kama angetutukana ningelala. Ile heshima yake njo inaniogopesha.

Jumatatu mutoto lazima aende Lubumbashi, staji ya miezi mitatu. Asipofika, mwaka umekufa. Bwana yangu anasema nguo atie mu gunia, valizi ibakie chini ya kitanda, na kama inawezekana atoke na mulango wa nyuma. Nikamupelekea mutoto ile maneno. Akaniangalia.

"Mama, weye njo ulisema nipite katikati."

"Nilikosa, mwanangu."

"Hapana, haukukosa. Mi nimezaliwa hapa. Nikitoka na gunia ju ya kuogopa, nimekubali kama niko mugeni. Nitaivuta mpaka ku gari, na nitasalimia bote. Nitabaambia naenda staji, nitarudia."

Ni mwenye akili, huyu mutoto, munaona namna anasema. Lakini akili hazizuie bantu kung'oa mulango. Yeye atakuwa Lubumbashi. Mi nitakuwa hapa na badogo bake batatu, na mama jirani juu ya ukuta. Na nikimuzuia, nitakuwa nimemufundisha kuinama, miye niliyemufundisha kuvuta.

Leo asubuhi alinipa valizi nimupangie nguo, ye alikuwa anapiga pasi blouse yake nyeupe ya kazi. Nikapanga. Alipokuja kufunga, akatoa kitu kimoja kimoja, akaweka juu ya kitanda: makaratasi ya parsele, hiki kiwanja chetu, picha ya ndoa yetu, majaketi ya batoto badogo, sufuria ndogo. Nguo yake hakuna hata moja. Mi sikujua kama mikono yangu inafanya hivyo.

Anangoja niseme miye. Bamama na batata munaosoma hapa, Jumatatu iko karibu: avute valizi mbele ya bantu, ao abebe gunia? Mi nimujibu nini mutoto wangu?