Mafua ya Bibi wa Darajani

Saa tatu asubuhi, cherehani imenyamaza. Fundi nguo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sauti, kwa sababu huigiza sauti kwenye michezo ya kompyuta, amesogeza sikio karibu na televisheni. Binti yake ndiye anayecheza.

"Rudisha hapo, nisikie tena," anamwambia.

Kwenye skrini, Bibi wa Darajani anaita: "Njoo, mjukuu wangu." Kabla ya "njoo", pua inavuta kidogo.

Pua hiyo ni yake. Siku aliporekodi, miaka sita iliyopita, alikuwa na mafua. Fundi mitambo wa studio akasema yaachwe, yanamfaa bibi kizee.

Mchezo wa kwanza uliishia darajani: Bibi anamvusha msafiri, anamtakia heri, basi. Toleo jipya limeongezewa kijiji kizima ng'ambo ya mto na mwisho mwingine, ambapo Bibi anawauza wasafiri kwa majambazi. Humo anaongea mno, na Mama Sauti hakuitwa studio hata siku moja.

Alipoipigia simu kampuni ya mchezo huo, msimamizi alimjibu kwa upole uliomtia shaka zaidi. Kwanza alisema wamepata mtu mwenye sauti kama yake. Alipopigiwa tena, akadai ni rekodi za zamani zilizosafishwa tu.

"Zimesafishwa? Mbona mafua yangu hawakuyasafisha?" anauliza Mama Sauti. Anaamini kompyuta imefundishwa sauti yake kwa rekodi ile, sasa inasema maneno ambayo yeye hajawahi kuyatamka.

Mwandishi wa makala haya alisikiliza kila "njoo" ya kijiji kipya. Zote zinavuta pua vilevile, kama nguo zilizokatwa kwa kiolezo kimoja. Msimamizi hakupokea simu ya gazeti.

Kinachomuuma zaidi ni watoto wa jirani. Zamani walimwomba aongee kama Bibi. Sasa wanamwita Msaliti, na mmoja amegoma kupimwa sare. Binti yake akamwambia asijisumbue, ni mchezo tu.

"Leo mchezo," akamjibu. "Kesho utapigiwa simu kwa sauti yangu, uambiwe ufungue mlango. Utajuaje si mimi, mwanangu?"

Binti akazima televisheni.

Tangu hapo Mama Sauti hatumi tena ujumbe wa sauti, na kabla ya mahojiano aliomba kinasa sauti kizimwe. Lakini hataki kijiji kipya kifutwe. Anataka kuitwa studio, arekodi maneno yote upya.

"Kama Bibi lazima awasaliti watu, nitawasaliti mimi mwenyewe," anasema. "Na siku hiyo sitakuwa na mafua."