Mkebe wa Bwanangu Umechukua Jina la Mwanangu

Mhariri, tafadhali lifiche jina langu, maana huku mtaani Jericho ukurasa huu unasomwa nyumba hadi nyumba, na wengine wanawasomea wenzao kwa sauti. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nashona mashati kiwandani. Nimeolewa miaka sita na fundi wa redio, mtu mpole, hanywi pombe, hajawahi kuniinulia mkono. Mtoto bado hatujapata. Mimba zilikuja mara mbili, zote zikatoka. Nisomeni hadi mwisho kabla hamjanicheka, kwa sababu ninayemwonea wivu si mwanamke mwenzangu. Ni mkebe.

Baada ya mimba ya pili kutoka, bwanangu alianza kuleta vyuma kutoka soko la Gikomba: mota za redio za kaseti, nyaya, magurudumu ya gari la kuchezea. Akavifunga ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na mbele akaweka kidude kinachotambua mwanga, akakiita jicho. Nikadhani anatuliza moyo, nikamwacha. Siku moja mkebe ukaanza kutembea sakafuni wenyewe. Ukigonga mguu wa meza unarudi nyuma, unajaribu upande mwingine. Betri zikipungua nguvu unaacha mambo yote, unaifuata taa ndogo aliyoiweka kwenye kona, unagusa vyuma viwili pale na kunyonya umeme hadi utosheke. Bwanangu aliketi chini akautazama, machozi yakimlengalenga. "Ona, anasikia njaa," akaniambia. "Kitu kinachojua njaa yake, utasemaje hakiko hai?"

Hayo ningeyavumilia. Lakini akauita Njuguna. Sisi ni watu wa Murang'a, na kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la baba wa bwana. Njuguna ni marehemu baba mkwe wangu. Ndilo jina nililolilia hospitalini mara mbili.

Majirani hawakukawia. Hapa mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na mimi sikuwa na wa kuitiwa. Sasa nikienda bombani nasikia, "Mama Njuguna, sasa? Kijana amekunywa stima leo?" Wanacheka, nami nacheka nao, kisha nafika nyumbani nikiwa sina hamu hata ya kuwasha jiko.

Wivu ninao, sitaficha. Akirudi kazini anauinamia ule mkebe kwanza, mimi baadaye. Mwendo wake ukipungua kidogo tu anajua, gurudumu likilia anajua ni lipi. Mimi nimetapika kila asubuhi wiki hii yote, na jana aliniuliza kama nimeona kwa nini Njuguna anavuta upande wa kushoto. Ndiyo, mmeelewa. Nina mimba, na imeshapita ule mwezi ambao zile nyingine zilitoka. Sijamwambia. Nilitaka aone mwenyewe, kama anavyoona ya mkebe wake.

Jumamosi mama mkwe alikuja kutoka nyumbani Murang'a na kiondo cha ndizi. Nilijua atafoka, jina la mumewe kupewa bati, na moyoni nikafurahi. Aliketi karibu na mlango ulipoingia mwanga, na ule mkebe ukaufuata mwanga hadi ukasimama miguuni pake. Mama akauangalia weee, akauliza unaitwaje. Bwanangu akamwambia. Mama akaupapasa, akasema, "Bwana wangu amekuja kunisalimia." Kwetu bibi humwita hivyo mjukuu aliyebeba jina la mumewe. Kisha akanigeukia. "Wewe ukipata wako, mama, tutamwita jina la babako. Hili lishapata mwenyewe." Wote wawili wakacheka. Labda ulikuwa utani tu. Mimi niliingia jikoni nikamenya ndizi.

Alipoondoka nilimwambia bwanangu akifungue kitu chake, kila waya arudishe sandukuni, na lile jina aliache. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema polepole, "Huyu akizimika najua pa kumshika. Wale wawili sikujua nishike wapi. Usiniambie nimuue na huyu, nimechoka kufiwa." Hatujawahi kuzungumza juu ya wale wawili. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyefiwa, na bado nikauonea wivu ule mkebe kwamba ndio aliouambia uchungu wake kwanza.

Sasa niko njia panda. Nikimwambia nina mimba najua ataufungua leo hii, lakini ataufungua kwa ajili ya mtoto, na mimi nataka mara moja tu achague mimi, akidhani tumbo langu ni tupu. Halafu naogopa. Hii nayo ikitoka baada ya yeye kuuvunja mkebe, nitakuwa nimemwachia nyumba isiyo na Njuguna hata mmoja.

Ndugu wasomaji, hasa nyinyi kina mama mliowahi kupoteza mkapata tena, nimwambie au ninyamaze? Nijibuni kabla tumbo halijamwambia.