Chupa Kumi na Mbili za Asili Tupu

Mwanangu, kuna Jumatatu moja ambayo hadi leo nikiikumbuka nacheka, huku uso unanipata moto kwa aibu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nakaa mtaa wa Huruma, chumba kimoja gorofa ya nne, na nilijiona mtaalamu wa ngozi. Nani alinipa utaalamu huo? Hakuna. Niliupata kwa kukoroga.

Nilikoroga mafuta ya nazi, utomvu wa shubiri, tango la kusaga, na maji mengi ya ndimu, kwa sababu nilisikia ndimu hung'arisha uso. Kipimo changu kilikuwa jicho. Mchanganyiko nikautia kwenye chupa ndogo za kuokota soko la Gikomba, chupa ambazo sikujua zilibeba nini kabla ya kufika kwangu. Nikazisuuza mara moja, nikabandika karatasi yenye maandishi ya kalamu ya kijani: ASILI TUPU, HAKUNA KEMIKALI. Basi. Hakuna orodha ya vilivyomo, hakuna tarehe, hakuna onyo. Siku hizo wanawake wa mtaa walikuwa wamechoshwa na krimu za kuchubua, zile zinazokuachia uso mweupe na vidole vyeusi, kwa hivyo neno asili lilikuwa tamu kama halua. Chupa kumi na mbili ziliisha kwa wiki moja. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi hata hicho kipande sikukiangalia.

Chupa moja nilimpa rafiki yangu Zuhura bure. Huyu alikuwa mtoto wa mtaa wa Majengo, anauza nguo za watoto za mitumba Gikomba, na ndoa yake ilikuwa Jumapili iliyokuwa ikija.

"Paka asubuhi na jioni," nilimwambia, "siku ya harusi taa zizimwe, wewe utatosha."

Alipaka, naye maskini akashinda kibandani Jumamosi nzima, jua likimwangaza. Jumatatu asubuhi akagonga mlango wangu, amejifunika mtandio hadi machoni. Alipoufunua nikashika ukuta. Shingo ilikuwa na malengelenge, na mashavuni michirizi myeusi, kama mtu aliyelia masizi.

"Nekesa, hii kitu ulinipa ni nini?"

"Ni vitu vya asili tu, Zuu. Naapa."

"Asili gani inachoma hivi? Na harusi ni Jumapili!"

Unajua nilimjibu nini, mwanangu? Nilimwambia labda ni samaki aliyekula.

Akanitazama. "Samaki amenichoma shingo?"

Tukaenda zahanati. Daktari aliuliza swali moja tu: "Ulipaka ndimu ukakaa juani?" Akatueleza kwamba maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi, huweza kuunguza kama maji ya moto. Malengelenge yangepona, alisema, lakini madoa yangekawia. Akampa dawa ya kupaka, na mimi akanipa jicho.

Kutoka hapo Zuhura akanishika mkono hadi Majengo, kwa nyanya yake, Bi Rehema. Mama huyu alikuwa amesinga na kupamba maharusi tangu mama zetu hawajazaliwa. Tulimkuta barazani anachambua vijiti vya liwa, ule mti wa manukato wa kusingia. Alimtazama mjukuu wake, akaitaka chupa, akainusa, kisha akanirudishia.

"Nisomee hapa."

"Asili tupu. Hakuna kemikali."

"Na upupu unaowasha, wenyewe ni wa kiwandani?"

"Ni... wa asili, Nyanya."

"Basi kaupake."

Zuhura alicheka licha ya maumivu yake. Mimi sikuthubutu.

"Mjukuu wangu," akaniambia, sasa kwa upole, na upole ule ndio uliouma zaidi, "sumu ya nyoka haikutoka kiwandani. Mungu ameumba dawa, ameumba na sumu, na zote mbili zinaota shambani. Mimi sijampaka mwali kitu ambacho sikukijaribu kwanza mkononi mwangu nikangoja siku mbili. Wala hajapata kuniuliza mtu kilichomo nikamficha. Wewe umempaka mwenzio kitu ambacho hata mwenyewe hukijui. Wangapi wengine wanacho?"

"Kumi na mmoja."

"Sasa unangoja nini hapa kwangu?"

Nikamwambia naogopa. Watu watasema, jina langu litaharibika. Bi Rehema akarudi kwenye vijiti vyake. "Mficha uchi hazai," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilidhani nitakwenda peke yangu, lakini Zuhura alikataa kubaki. "Mimi ndiye ushahidi," akasema, akajitanda vizuri, tukaanza kuzunguka.

Gikomba kulikuwa na seremala mmoja mwenye upara, aliyekuwa akipaka mafuta yangu kichwani. Kusema kweli, kiling'aa. Akakataa katakata kuirudisha chupa, mpaka Zuhura alipofunua shingo; hapo akaitupa mikononi mwangu kama kaa la moto, akatafuta kofia. Mama mmoja muuza mboga alinionyesha chupa yake imeota ukungu wa kijani. "Niliona imeandikwa asili," akasema, "nikadhani ndiyo inachipuka." Tulicheka hadi tukashikana. Lakini kicheko hicho kilikuwa na mwiba, maana tango na maji bila cha kuyahifadhi huoza, na kilichooza kinakwenda kwenye uso wa mtu. Wengine walinitukana kidogo. Nilistahili.

Chupa ya mwisho ilikuwa gorofani kwenye ploti ya jirani, kwa mama kijana niliyemjua kwa kumsalimu tu. Tulimkuta mlangoni, mtoto wake wa miezi minne amelala uchi mapajani, ametoka kuogeshwa, na chupa yangu imefunguliwa.

"Usimpake!" nikapiga kelele. Mtoto akashtuka akalia.

"Wee, umerukwa na akili?"

Nikamwambia yote. Zuhura akamwonyesha shingo.  Yule mama alifunga kifuniko, akanipa chupa, akamkumbatia mwanawe kifuani kwa nguvu. Nilishuka ngazi tatu tu, nikakaa pale pale. Zuhura akakaa kando yangu. Siku hiyo nzima tulikuwa tumecheka, lakini pale hakuna aliyecheka.

Harusi ilifanyika. Bi Rehema alikataa madoa yale yapakwe kitu juu. Bwana harusi alipoingizwa kwa wanawake na kuinua mtandio, akashtuka: "Nani amekukwaruza?"

"Shemeji yako Nekesa," akajibu Zuhura, na nyumba nzima ikaangua vicheko na vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma ya sufuria za pilau, natafuta pa kujificha. Madoa yalikaa miezi, kisha yakaisha. Urafiki haujaisha.

Sikukoroga tena kwa karibu mwaka mzima. Nikaenda kwa Bi Rehema kujifunza mafuta, nikamsumbua mfamasia mmoja wa mtaani kwa maswali hadi akawa ananiwekea kiti. Niliporudi kuuza, bidhaa yangu ilikuwa imepimwa na kupewa alama ya ubora.

Sasa nakuona wewe, mwanangu, unakoroga jikoni na kuuza kwa simu, na unaandika neno lile lile nililoliandika mimi. Sikukatazi. Ila andika kila kilichomo, hata kile unachoogopa mteja akikisoma atakimbia. Akikimbia, mwache aende. Andika na siku uliyotengeneza. Chupa iwe mpya na safi. Usipime kwa jicho, na usilolijua uliza, maana kuuliza si ujinga. Jaribu kwako kwanza, kidogo, ungoje, kisha wapelekee wenye kazi ya kupima wapime, kwa sababu mkono wako mmoja si ngozi ya watu wote. Nawe unaponunua, geuza chupa usome nyuma. Ikiwa mwenye kuuza hataki kukwambia kilichomo, rudisha mezani ujiondokee. Na siku utakayokosea, maana utakosea, usitafute samaki wa kumsingizia. Toka uende mlango kwa mlango kabla jua halijawa kali.

Nenda basi, kazi yako iwe na baraka. Mungu aitie nuru mikono yako, na kila uso utakaoguswa nayo ubaki na afya na furaha. Amina.