Fundi Asiyesikia Harufu

Wateja walimwita Kibinti, ingawa miaka thelathini alikwisha kuipita. Alikuwa fundi cherehani, mrefu wa mikono na miguu, kifua bapa kama ubao wa kupigia pasi, na tangu azaliwe hajawahi kuziona siku zake. Mama yake alimtuliza kwamba anachelewa tu. "Hata mjomba wako alichelewa ndevu." Mjomba mwenyewe alikuwa na mvi kichwani na kidevu laini kama cha mtoto. Ndevu bado zilikuwa njiani.

Nyumba ile ilikuwa na kichekesho kingine. Mama, mjomba na Kibinti hawakusikia harufu. Maharage yakiungua, jirani ndiye aliyegonga ukuta. "Majirani ndio pua zetu," mama alisema, watu wakacheka, maisha yakaendelea. Ni mdogo wake Kibinti peke yake aliyezaliwa na pua inayofanya kazi. Na vingine vyote akajaliwa: kifua, nyonga, mume dereva wa lori, na sasa mimba.

Mimba hiyo ndiyo iliyomla Kibinti roho.

Kila mara mdogo mtu alikuja na gauni. "Dada, niachie mshono kidogo, mwenzio nabanwa." Kisha hukaa kwenye kiti cha wateja, akizungusha kiganja juu ya tumbo taratibu. Kibinti alitamani kumwambia autoe mkono, lile tumbo si redio, halitafutwi stesheni.  Badala yake alimwomba Mungu amwondolee kijicho, na kabla hajasema amina akasikia kicheko cha mdogo wake uani, kijicho kikarudi na kuketi pale pale. Basi akawa anaachia mshono nusu tu ya alivyoombwa. Dhambi ya upana wa uzi, alijiambia.

Siku moja alikuwa akipiga pasi gauni la buluu la mdogo wake, la kwendea ibada. Macho yake yalikuwa dirishani. Mdogo mtu na mumewe walikuwa uani wakibishania jina la mtoto, wakisukumana kwa mabega kama watoto wenyewe. Pasi ikasahaulika kitambaani. Ghafla mdogo akaingia mbio.

"Dada! Nguo inaungua! Husikii?"

"Nisikie kwa pua ipi?"

Alama ya pasi ilikuwa imekaa kwenye tumbo la gauni. Mdogo mtu aliitazama, kisha akamtazama dada yake.

"Umefanya makusudi. Na mishono unayonibania, unadhani sijui? Unanionea wivu."

"Hii sikukusudia," Kibinti akasema. "Lakini wivu nakuonea. Wewe umepewa mpaka pua!"

Mdogo mtu alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa ungamo. Akakaa.

"Hospitali umewahi kwenda?"

"Nikaseme nini? Kwamba nachelewa?"

Mdogo ndiye aliyempeleka. Damu ikapimwa, na waliporudi kuchukua majibu Kibinti akaingia peke yake. Mdogo alibaki nje kwenye benchi, miguu imemvimba. Daktari, mama mtu mzima, akasoma majibu, akauliza, "Harufu unasikia?"

"Daktari, nimekuja kwa habari ya tumbo, wewe waniuliza pua?"

Daktari akamwuliza na habari za ndugu zake, kisha akamweleza polepole. Mtoto anapoumbwa, mishipa ya kunusa na chembe zinazoamsha homoni za utu uzima husafiri njia moja, kutoka puani kwenda kwenye ubongo. Kuna hitilafu za urithi zinazoifunga njia hiyo. Mishipa isipofika, pua haisikii. Chembe zisipofika, mwili haupati amri ya kukua, na mayai hulala. Kwa mama, huenda hitilafu iligusa pua tu. Kibinti imemgusa kote kuwili, na yaelekea mjomba pia.

"Yako yamelala, hayajafa," daktari akasema. "Dawa zitaukuza mwili. Ukitaka mtoto, kuna sindano za kuyaamsha. Siahidi, lakini inawezekana. Na huyo mdogo wako, anaweza kuwa ameibeba hitilafu hii kimyakimya, akamrithisha mwanawe."

Kibinti akatoka na furaha mbaya kifuani. Mdogo wake alikuwa kwenye benchi, kiganja kinazunguka.

"Wamesemaje, dada?"

Angeweza kumrushia habari ile kama jiwe. Angeweza pia kunyamaza, na mtoto akue akiambiwa anachelewa, kama yeye, kama mjomba. Akakaa karibu naye, akamwambia yote.

Kiganja kikasimama. "Kwa hiyo mwanangu..."

"Huenda, na huenda sivyo. Ila umri wa kubalehe ukifika na mwili umenyamaza, hakuna kusema anachelewa. Tunamleta hapa."

Mdogo mtu akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Umefurahi?"

"Kidogo. Kutoka mlangoni mpaka hapa kwenye benchi. Mungu anisamehe."

"Dada wewe! Hata uongo hujui!" Akacheka huku analia.

Nyumbani Kibinti alitia kiraka kwenye gauni la buluu, akaufumua mshono wote, akauachia hadi ukingo wa kitambaa. Kisha akawasha pasi.

"Njoo ukae hapa," akasema. "Uwe pua yangu."

Mdogo akakaa, na kiganja kikaanza tena kuzunguka. Roho ikamchoma Kibinti vile vile. Akaendelea kusukuma pasi, macho kwenye ule mkono.

"Dada, inua."

Akainua.