Kiti cha Abiria

Kwa miaka sita fundi bodi alikuwa akiunda gari lake la mbio uani, na sasa kilibaki kiti cha abiria tu. Hicho ndicho kilichomkosesha raha. Abiria mwenyewe alikuwa mkewe, na mgongo wa mkewe ulikuwa mkorofi: tangu alipoanguka ngazini, alikuwa akilala ameegemea ukuta, usingizi wa mang'amung'amu.

Fundi akaleta viti viwili vya magari chakavu, akaviweka sebuleni juu ya matofali, kimo kilekile cha sakafu ya gari. Mkewe akikaa, yeye anashika kiti kwa nyuma na kukitikisa kama kiko kwenye barabara ya mashimo.

Cha kwanza kilimfanya mkewe apige ukelele. "Unataka kuniua, baba watoto?"

Fundi akamhamishia kwenye kiti cha pili. Kama na hiki kitakataa, basi miaka sita yote ni kazi bure! Akakitikisa polepole, kisha kwa nguvu. "Vipi, mama?" Kimya. "Unaumia?" Kimya. Akazunguka mbele haraka.

Mkewe alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, anakoroma.

Fundi akakaa chini, spana mkononi, akiogopa hata kukohoa. Binti yao akaingia. "Baba, kiti unakifunga lini garini?"

"Shusha sauti," akanong'ona, akirudisha bolti mfukoni. "Hiki si cha gari tena."