Shemeji wa Manyoya

Vibanio ndivyo vilivyotangulia kupotea. Msusi alikuwa na kopo zima la vile vya chuma vyenye mdomo mrefu, lakini asubuhi ile alipofungua saluni akakuta viwili tu, na kimoja kimelegea. Akapekua droo. Akapekua mifuko ya aproni. Akaenda jikoni kumuuliza mumewe, fundi wa majokofu, ambaye alikunywa chai yake huku akitazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Hapo akajua aende wapi.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Chumba cha nyuma alikaa kaka mkubwa wa mumewe, ambaye wote humo ndani, hata wateja, walimwita Shemeji. Alikuja kukaa kidogo tu, paa lake likiezekwa upya. Paa lilikwisha, masika yakanyesha juu yake yakapita, naye bado alikuwapo, na asubuhi hiyo alikuwa ameinamia meza, miwani imemshuka puani, vibanio vimejipanga mbele yake kila kimoja kikiuma unyoya wa kuku.

"Shemeji, hivyo si vibanio vyangu?"

"Naazima kidogo tu, Shemeji. Vinashika unyoya vizuri ajabu, mimi mikono yote inabaki kwenye uzi."

"Vimetengenezwa vishike nywele."

"Nywele na unyoya ni ndugu," akasema, bila kuinua macho.

Shemeji alikuwa dereva wa malori enzi zake, njia za milimani, ambako mito ni ya baridi kali. Huko ndiko alikojifunza kuvua kwa nzi bandia. Unachukua ndoano ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, unaizungushia uzi na manyoya mpaka inafanana na mdudu aliyetua majini, samaki anadanganyika anameza. Sasa amestaafu, mkewe amefariki, mto uko mbali, na kazi yake ikawa kutengeneza nzi tu, kutwa nzima. Msusi alimhurumia. Huruma hiyo ilidumu mpaka alipoanza kukosa kitana.

Maana baada ya vibanio kilifuata kitana cha mkia, ambacho ncha yake ilifaa kutengea nyuzi. Ukafuata mkasi mwembamba, ule ambao hata mumewe hakuruhusiwa kuugusa. Ulirudi umekata waya na tangu siku hiyo ulitafuna nywele badala ya kuzikata. Rangi ya kucha isiyo na rangi ikaishia kugandisha mafundo ya nzi. Kila alipolalamika, Shemeji aliomba radhi vizuri, kwa unyenyekevu kabisa, halafu akaazima kitu kingine.

"Zungumza na kaka yako," Msusi akamwambia mumewe.

"Zungumza naye wewe. Wewe anakuheshimu."

"Ananiheshimu huku anabeba kitana changu?"

"Ndiye kaka yangu. Nifanyeje?"

Msusi akashindwa kujua kati ya hao wawili amkasirikie nani zaidi.

Halafu Shemeji akaingia kwenye rangi. Muuza kuku wa sokoni alimpa gunia la manyoya meupe, na nzi anayefaa, kumbe, hatakiwi kuwa mweupe. Anatakiwa awe wa kijani cha majani makavu, au kahawia, au manjano ya kiini cha yai. Akayaosha manyoya kwenye sinki la wateja kwa shampuu ya bei mbaya, kwa maelezo kwamba mafuta ya kuku hayatoki kwa sabuni ya kufulia. Akayachemsha kwa rangi na siki katika sufuria ya kupashia maji ya wateja. Saluni ikanuka achari. Sinki likapata ukanda wa manjano ambao Msusi aliusugua mpaka kiwiko kikamuuma, na ukanda ukabaki pale pale unamtazama.

Kilichofuata kilikuwa draya la kukaushia nywele, lile ambalo mteja hukaa chini yake. Akayatia manyoya katika neti ya nywele, akaiweka chini ya kofia ya draya, akawasha moto wa juu, akaenda zake chooni. Neti ikafunguka. Kiti cha pili alikaa binti aliyetoka kupakwa mafuta kichwa kizima, tayari kwa kusukwa. Manyoya yalimfuata kama yameitwa. Aliondoka saa nzima baadaye, bado ana kipande cha kijani nyuma ya sikio, na hakurudi.

"Ingekuwa vizuri ungeweka feni ya kunyonya," Shemeji alishauri.

Msusi akatoka nje, akasimama kwenye ngazi, akahema.

Lakini yote hayo yalikuwa mchezo ukilinganisha na siku ya Mwalimu Mkuu. Mama huyo alikuwa anastaafu. Kesho yake angepigwa picha ya kutundikwa ukumbini mwa shule, na hakutaka mvi zitundikwe pamoja naye. Msusi akachanganya rangi nyeusi na dawa yake, maana rangi ya nywele bila dawa ile haikolei, akampaka vizuri, wakasubiri wakizungumza. Alipomwosha, akarudi nyuma hatua moja. Kichwa cha Mwalimu Mkuu kilikuwa na mabaka: hapa kijivu, pale kahawia ya kutu, kando ya masikio kama majivu yaliyomwagiwa chai.

Mwalimu Mkuu akajitazama kiooni kwa yale macho yaliyokuwa yakinyamazisha madarasa.

"Hii ni nini?"

Msusi akaichukua chupa ya dawa, akainusa. Haikuchoma pua hata kidogo. Akaimimina kiganjani. Ilikuwa nyepesi kama maji.

"Shemeji!"

Shemeji akaja na ndoano imening'inia kwenye pindo la mkono wa shati. Akaiona chupa, akaona kichwa, akaelewa.

"Nilikuwa na manyoya meusi," akasema polepole. "Kabla ya kuyatia rangi lazima uyafifishe kwanza. Nikachukua dawa kidogo. Ikawa zaidi ya kidogo. Nikajazia maji ili usi... ili chupa isionekane imepungua."

"Umenijazia maji kwenye dawa ya kazi?"

"Nilidhani ina nguvu ya kutosha."

Msusi akaimwaga chupa sinkini. Duka la vipodozi lilikuwa limefungwa, ilikuwa Jumapili. Chupa nyingine hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo alijulikana: Mama Kioo, mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, aliyeitwa hivyo kwa kile kioo chake kikubwa kama mlango wa benki. Yeye na Msusi walikuwa hawasemeshani tangu wagombanie msaidizi mmoja, ambaye hatimaye aliwakimbia wote wawili.

"Huko siendi," Msusi akasema. "Bora nifunge saluni."

"Na mimi je?" akauliza Mwalimu Mkuu chini ya taulo.

Shemeji alikuwa ameshavuka barabara. Alirudi na chupa, na nyuma ya chupa akaja Mama Kioo mwenyewe, glavu mkononi, kajawa na furaha ya mtu aliyeitwa kuja kuona. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Pole, jirani," kwa sauti tamu iliyomkera Msusi kuliko tusi. Wakafanya kazi pamoja, mmoja kushoto mmoja kulia, hawatazamani. Jioni Mwalimu Mkuu alitoka na kichwa cheusi kinachong'aa.

Tangu siku hiyo Msusi alimpiga Shemeji marufuku kukanyaga saluni. Akatii. Akahamishia kazi yake kwa Mama Kioo. Huko alipokewa, manyoya yake yakaanza kufungwa kwenye misuko ya wasichana, na wateja wa Msusi wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja, wakimpungia mkono. Msusi alitaka amani akaipata, pamoja na viti vitupu. Hilo nalo lilimkasirisha.

Mwezi haukuisha. Mchana mmoja alisikia kelele ng'ambo, akavuka bila kujishauri. Mama Kioo alikuwa ameinamia sinki lake jipya, lililogeuka zambarau toka ukingo hadi tundu, na Shemeji yuko kando anaeleza habari za siki.

"Huyu mtu ulikaaje naye?" Mama Kioo akamlilia Msusi. "Ulikaaje naye, mwenzangu?"

"Usiniulize. Muulize mume wangu, ndiye aliyezaliwa naye."

Mama Kioo akajaribu kununa, akashindwa. Wakacheka mpaka Mama Kioo akashika ukuta. Shemeji akatumia nafasi hiyo kuondoka na sufuria ya rangi.

Walipotulia, Mama Kioo akamtazama Msusi kitambaa alichojifunga kichwani.

"Hizo nywele nani anakutengenezea?"

Msusi akafikiri. Mwaka huo hakuna aliyezigusa.

"Kaa," Mama Kioo akasema, akavuta kiti.

Akakaa, akalaza shingo kwenye ukingo wa zambarau, maji ya vuguvugu yakamshukia utosini.

"Taratibu basi," akanung'unika, amefumba macho. "Una mikono mizito, kumbe."