Taa ya Chumba cha Nyuma

Mteja wa kwanza hajabisha hodi bado. Msusi amepiga magoti kwenye chumba cha nyuma, mikono imezama katika beseni la samadi na maganda ya ndizi. Anageuza taratibu. Nyungunyungu wanajikunja vidoleni mwake.

"Kuleni basi, wanangu. Mbona leo mmenuna?"

Juu ya mabeseni inaning'inia taa isiyozimwa usiku wala mchana. Nyungunyungu hukimbia mwanga. Taa ikiwaka, wanatulia chini ya mbolea. Ikizimwa, wanatoka kutembea.

Kisha ananawa. Kwa sabuni, kwa ndimu, kwa sabuni tena.

"Mikono hii inaingia kwenye vichwa vya watu," anajisemea. "Wakijua inakotoka, nani atakaa kwenye kigoda changu?"

Ni mjane. Alianza ufugaji huu bintiye alipopata nafasi katika chuo cha uuguzi. Ususi ulilisha nyumba, lakini chuoni haukufika. Mwenye kitalu cha maua akamgawia nyungunyungu wa kuanzia, akaahidi kununua mbolea yao. Ndoo moja humwingizia sawasawa na vichwa viwili vya kusuka. Majirani wote wanadhani chumba kile ni stoo.

Mwezi uliopita, wazazi wa mchumba wa binti walikuja kujitambulisha. Msusi akaufunga mlango wa nyuma, akashusha pazia. Bado mwanga ulichungulia chini ya mlango. Akazima taa.

Wageni hawajafika nusu ya soda zao, mama wa kijana akainua miguu yote miwili. Nyungunyungu mmoja alikuwa ameshapanda zulia. Wenzake walimfuata bila haraka, kama watu walioalikwa.

"Jamani, hawa wametoka wapi?"

Msusi anaikumbuka sauti yake mwenyewe. "Nikamwambia, 'Wa jirani hao, mama mwenzangu. Jirani yetu mchafu, we acha tu.'" Anacheka kidogo, halafu kicheko kinamkatikia.

Binti, na gauni lake jipya, alishuka kitini akapiga magoti. Akaanza kuwaokota mmoja mmoja, akiwaweka kiganjani.

"Ni wetu, mama," akamwambia mgeni. "Hawa ndio walionisomesha."

"Hakunitazama," anasema msusi. "Wala hakuwa na hasira. Masikio yaliniwaka moto. Aibu ya nyungunyungu nilishaizoea. Hii ilikuwa ya mwanangu kuuokota uongo wangu sakafuni, mbele za watu."

Wageni waliaga kwa adabu, soda wakaziacha. Juzi walituma ujumbe: wanarudi Jumamosi. Wanarudi kuposa au kuvunja, hawakusema. Binti naye hajamlaumu mama yake. Amemwomba jambo moja tu: "Taa usizime."

"Sitazima," anasema msusi. "Nitaacha na mlango wazi. Wageni wakitaka kukimbia, wakimbie wakijua wanachokikimbia. Na mimi nitakaa palepale na aibu yangu, sitamsingizia mtu."

"Hodi!"

Mteja amefika. Kwa mazoea, msusi anainuka kwenda kufunga mlango wa nyuma. Mkono unashika kitasa, unasita.

Anauacha mlango wazi. Anakwenda kumpokea mteja huku akijifuta mikono kwenye kanga, macho yake chini.

"Karibu," anasema. "Ila kabla hujakaa, njoo kwanza huku nyuma uone."